Wa Kumkabidhi Ailén Cheti

Nafundisha nadharia za makuzi ya vijana balehe katika chuo kikuu hapa Rosario, na binti yangu wa miaka kumi na saba haongei na mimi. Haya, chekeni. Hata Daktari Zaidman, mchambuzi wa nafsi ninayemwendea kila Jumanne nikalala kwenye kochi lake na kumwaga ya moyoni, nilipomwambia hivyo nilimsikia nyuma yangu akikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Na yule mzee namlipa ili asicheke. Mganga hajigangi, walishasema wenyewe, na mimi huu ni mwaka wa pili sijigangi.

Msidhani tumegombana. Laiti tungegombana. Ailén anajibu kila anapoulizwa: amekula, chakula kilikuwa kawaida, shule kawaida, anaenda kulala. Kisha anaingia chumbani na mlango unafungwa taratibu, wala haubamizwi, usije ukapata pa kumlaumu. Kazini nina wenzangu wanaolia kwamba watoto wao wanabamiza milango na kuwatukana. Mimi nawaonea kijicho, kwa sababu anayekutukana angalau anakutazama usoni.

Na mtoto huyu alikuwa msemaji, jamani. Alikuwa akitoka shule anapanda kukaa juu ya meza ya jikoni, miguu inaning'inia, na mimi namimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, yale majani yetu yanayofyonzwa kwa mrija kama chai, changu kichungu, chake cha maziwa na sukari tele. Ananisimulia siku nzima bila kuacha kitu, mwalimu alivyopiga chafya, mbwa wa kwenye kona alivyomtazama, nani kamnyima nani kifutio. Mimi nachoka, nasema ndiyo ndiyo, nawaza mitihani ya kusahihisha. Siku hizi mate anakunywa na rafiki zake kwenye nyasi kando ya mto, tena kichungu, na hayo maneno yote anawapa wao. Namkumbuka yule mtoto wa juu ya meza kama mtu anavyomkumbuka marehemu, na huku viatu vyake viko mlangoni na muziki wake unapita ukutani.

Darasani nina majibu. Ninayo nadharia inayosema balehe ni dhoruba, mzazi afunge madirisha asubiri ipite. Ninayo nyingine inayosema hakuna dhoruba yoyote, wanaopiga kelele ni wakubwa. Iko ya swali la mimi ni nani, kwamba kijana lazima avae nyuso nyingi mpaka aipate yake, na mzazi anayempa uso uliokwisha kushonwa anamharibia. Iko inayomweka mtoto katikati ya duara, halafu familia, shule, mtaa, taifa, na nikiichora ubaoni wanafunzi wanaipiga picha kwa simu. Halafu iko hii yetu, iliyozaliwa hukuhuku Argentina, nami ndiyo niipendayo kuliko zote: kwamba kijana balehe ni mfiwa. Amefiwa na mwili wake wa utotoni, amefiwa na nafasi yake ya utotoni, amefiwa na wale wazazi wa utotoni waliokuwa wanajua kila kitu. Ndiyo maana ananuna na kujifungia, kwa kuwa yuko matangani, na aliye matangani hasukumwi.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja, Yanina, anayekaa mstari wa mbele akitafuna kalamu, alinyoosha mkono akauliza, "Na mzazi je, profesa, yeye anafiwa na nani?" Nikamjibu kitaalamu kabisa, kwamba mzazi naye humpoteza mtoto wa zamani na hana budi kumwacha aende, na wala asimlilie mbele yake. Wote wakaandika. Nikawapa mapumziko, nikaenda chooni, nikafungua bomba lipige kelele, nikalia.

Sasa sikilizeni kilichoniweka roho juu. Kwenye mahafali ya sekondari, hapa kwetu, mhitimu anamchagua mwenyewe mtu wa kumkabidhi cheti. Jina lake linaitwa, jina la mkabidhi linaitwa, mnapanda wote jukwaani, unampa, mnakumbatiana, watu wanapiga makofi. Wapo wanaomchagua mwalimu, wapo wanaomchagua bibi, lakini wengi ni mama au baba. Mimi nilikabidhiwa na marehemu mama yangu, akalia mpaka kona ya cheti ikalowa, na doa lipo hadi leo. Nilikuwa na hamu moja tu mwaka huu, wala sioni haya kuisema: Ailén anichague mimi. Mwezi wa pili anahamia Córdoba kusomea usanifu majengo, ilhali hapa Rosario kozi hiyohiyo ipo, anaweza kwenda kwa miguu. Kwa hiyo ilikuwa ama nisimame naye pale jukwaani, wote watuone, ama aondoke nyumbani kwangu taratibu kama anavyofunga mlango.

Ningemwomba, basi. Ndivyo mnavyofikiri, nami najua mnavyofikiri. Lakini mtu aliyefundisha haya mambo nusu ya umri wake anajua kwamba uchaguzi ule ni wa kijana. Ni hatua yake ya kusema mimi ni nani na watu wangu ni nani. Mama akiingiza mkono pale, kile anachopewa si zawadi tena, ni kodi. Nikajiambia, Silvana, nyamaza, acha nafasi, akija kwako aje kwa miguu yake. Na nikanyamaza kwa bidii, kama mtu aliyebeba ndoo imejaa.

Niliyemwogopa ni Hernán, baba yake. Tuliachana Ailén akiwa darasa la tatu, na tangu hapo yuko kusini, Comodoro, kwenye visima vya mafuta, kunakovuma upepo mwaka mzima. Hana ubaya. Anapiga simu Jumapili, na ukutani namsikia Ailén akicheka, kile kicheko cha juu ya meza ya jikoni, hichohicho. Hernán ni mtu wa kutaka kitu akasema nataka. Kila Jumapili nilijua, leo ameomba, leo amepewa, na nilikuwa napika mchuzi wa makaroni nikiutia chumvi mara mbili.

Mdogo wangu Marisa sikumfikiria hata kidogo. Marisa anauza mapazia mtaa wa San Luis, anaongea na wateja, anaongea na mapazia, anakula kwenye sahani za watu bila kuombwa. Ailén anapenda kwenda kwake, nami nilifurahi, kwa sababu nadharia zote, hata zile zisizopatana, zinakubaliana kwamba kijana anahitaji mtu mzima asiye mzazi. Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kabisa: nenda kwa mama mdogo, mwanangu, nenda.

Nikampelekea Daktari Zaidman habari za mkabidhi. Akauliza, "Na wewe ungependa?" Nikamweleza mambo ya uhuru wa kijana, mambo ya mipaka, mambo ya mzazi kutojaza pengo la mtoto kwa pengo lake mwenyewe. Nilisema vizuri, nilijisikia nasema vizuri. Akasema mh, tuishie hapa leo. Ana tabia hiyo, anakata kikao katikati na kukusindikiza mlangoni, eti kukatwa nako ni dawa. Nikateremka ngazi nimekasirika, nikanunua aiskrimu nikaila nikiwa nimesimama barabarani.

Jioni moja mwishoni mwa Novemba, joto limekaba na mbu wamepanda kutoka mtoni, nilikuwa jikoni natia nyama kwenye yai na unga wa mkate ili niikaange. Ailén akaja mwenyewe. Akaegemea friji, amevaa jaketi la darasa lao pamoja na joto lile, kama wanavyovaa wote mwaka wa mwisho, majina ya utani yameandikwa mgongoni. Lake limeandikwa Kiroboto. Sikujua kwa nini Kiroboto, na sikumuuliza, maana jina la kupewa na wenzako ni mali ya kundi. Akawa anachezea zipu. Nikaendelea kugeuza nyama, mikono imeganda unga.

"Brisa anakabidhiwa na mama yake," akasema. "Na Milagros. Karibu wote wanakabidhiwa na mama zao."

Mwanangu alikuwa amekuja kwa miguu yake. Nami, Mungu wangu, nikageuka na uso wa upole, ule wa ofisini, nikamuuliza, "Na wewe unajisikiaje kuhusu hilo?"

Akanitazama. Nakumbuka alinitazama kwa muda, kama mtu aliyegonga nyumba akafunguliwa na mgeni. Kisha akasema hajisikii chochote, akachukua kipande cha mkate, akaenda zake. Na mimi nilijipongeza. Sikumsukuma, sikumwekea maneno mdomoni, nilimwachia swali liko wazi. Jumanne nilimsimulia Zaidman kwa fahari, na safari hii hata mh hakusema.

Tarehe ishirini na tisa familia nzima hula nyoki, vidonge vya viazi na unga, kwa Marisa, kama kila mwezi, kila mtu na noti yake chini ya sahani kwa ajili ya bahati. Mwezi huo sikwenda, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ailén alirudi na bakuli langu limefunikwa kwa taulo ya jikoni, akaliweka mezani akasema, "Mama mdogo anakusalimu." Zilikuwa zimepoa na nilizila hivyohivyo.

Wiki iliyofuata msimamizi wa darasa akataka majina ya wakabidhi. Najua kwa sababu mama yake Brisa alinisimamisha mkate mkononi, mlangoni mwa duka la mikate, akaniuliza kama mimi nami nalia au najikaza. Nikacheka nikasema najikaza. Nyumbani Ailén hakusema neno. Nikalichambua lile neno lisilosemwa, nikaligeuza huku na huku, na nikaamua kwamba kimya chake ni ndiyo. Kama angemchagua baba yake angeniambia, ili kunitayarisha, kwa kuwa si mtoto katili. Kwa hiyo ni mimi, na anataka iwe ghafla, anataka anione nikishtuka. Nilifurahi kiasi cha kuimba bafuni. Nikaenda nikanunua gauni la buluu iliyokolea, la mikono mifupi, ambalo halikunjamani mtu akikumbatiwa.

Siku ya mahafali jua lilikuwa bado linawaka na feni za ukumbi zinazungusha joto tu. Hernán alikuwa amekuja kwa ndege asubuhi, ngozi imekauka kwa upepo wa kule, akakaa katikati ya mstari wetu akipepea kwa karatasi ya ratiba. Marisa akakaa pembeni yangu, kajipulizia manukato ya kutosha watu watatu. Kiti cha mwisho, cha kwenye njia, nilikiwahi mimi, ili nikiitwa nitoke bila kukanyaga watu miguu. Tukaimba wimbo wa taifa, bendera ikapita, mkuu wa shule akahutubia mpaka watoto wachanga wakaanza kulia. Ndipo wakaanza kuita.

Mama mmoja akapanda akapiga magoti kumbusu mwanawe mikono. Bibi mmoja akapandishwa kwa kushikwa viwiko. Baba mmoja, pande la mtu, alisahau kutoa cheti, akamkumbatia kijana na cheti kimebanwa katikati yao mpaka ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli, furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu alipokuwa mdogo.

"Quiroga, Ailén."

Nikasimama. Sikungoja. Miguu ilisimama yenyewe, na nilikuwa nimekwisha kulinyoosha gauni kwa mbele, niliposikia spika ikimalizia kwamba anakabidhiwa na mama yake mdogo, Marisa.

Marisa akanyanyuka pembeni yangu, analia tayari, anapangusa macho kwa kiganja. Nilikuwa nimeziba njia. Basi nikampisha. Nikarudi nyuma hatua, nikabana tumbo, mdogo wangu akapita mbele yangu na manukato yake, akanishika mkono akaubinya, akaenda. Watu wa nyuma, nadhani, waliona dada mkubwa mwenye adabu amesimama kumpisha mdogo wake. Nilibaki nimesimama hivyo na nikapiga makofi, kwa sababu kukaa nisingeweza. Ailén kule juu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kichwa kimezama kwenye bega la Marisa, na sikumwona akinitafuta kwa macho, au labda alinitafuta na mimi ndiye niliyekuwa siwezi kuona.

Marisa aliporudi akaninong'oneza, "Dada, si alikwambia?"

"Aliniambia," nikasema.

"Nilijua tu. Nilimwambia mwambie mama kwanza. Mimi nilisema kwa utani, tunakula nyoki, nikamwambia nipe mimi hicho cheti chako, nami nijione nimesoma. Akaniangalia akasema, kweli unataka? Nikamwambia nataka, kwa nini nisitake."

Nikamwambia imekaa vizuri sana. Hernán akainama akanipa mkono, akasema hongera, umemlea, na nilimshukuru.

Uani watoto walikuwa wanaruka kwa pamoja na kuimba, wameshikana mabega, wazazi wamebanwa ukutani na glasi zao za soda iliyochacha kwa joto. Ailén akachomoka kwenye lile kundi akaja nilipo. Cheti amekikunja bomba mkononi, nywele zimemganda usoni.

"Umekasirika," akasema.

Nikaanza. Nikamwambia ni uamuzi wake na ninauheshimu, na bila shaka una maana kwake, na kwamba uhusiano na mtu mzima mwingine katika umri huu ni jambo la... Nikasikia sauti ile. Ilikuwa sauti yangu ya ubaoni, inaenda yenyewe, na mwanangu anaitazama ikienda, uso wake umeanza kufungwa taratibu. Nikakata katikati.

"Nilitaka niwe mimi," nikasema. "Nilitaka mwaka mzima. Gauni hili nilinunua kwa ajili hiyo. Nilisimama, Ailén, jina lako lilipoitwa nilisimama."

Akalitazama gauni kutoka juu hadi chini. "Nilikuona umesimama," akasema. "Nikadhani unampisha Mama mdogo."

"Nilisimama kwa sababu nilidhani ni mimi."

Akainua macho kutoka kwenye gauni. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuachia nafasi."

"Nafasi gani, mama? Nyumba nzima ni nafasi." Akajipangusa pua kwa mkono wa jaketi. "Mama mdogo aliniomba mdomo umejaa viazi. Nikaona kumbe kuna mtu anataka. Mimi nilikuja jikoni. Nilikuja nikakutajia mama wa Brisa, na wa Milagros, nilitaka tu useme na mimi je. Hicho tu. Ukaniuliza najisikiaje."

Sikuwa na nadharia. Nilizitafuta, nakiri, hata pale nilizitafuta, na hapakuwa na hata moja ya kunishika mkono. Nikasema, "Nataka uwe nami, mwanangu. Kila siku unapofunga ule mlango nakaa nataka uufungue." Nikalia mbele yake, kitu ambacho nimewakataza wazazi wa watu miaka na miaka.

Hakunikumbatia. Alisogea tu, akasimama karibu kiasi kwamba joto lake nililisikia, akawa anatazama viatu vyangu. "Ungesema," akasema polepole. "Hata mara moja." Na kule nyuma wenzake wameanza kumwita, Kiroboto, Kiroboto, gari linaondoka, wanakwenda kucheza ngoma mpaka asubuhi.

"Nenda," nikamwambia.

Akageuka, akakumbuka kitu, akarudi. Akakinyoosha kile cheti kifuani pake kwa kiganja, akanipa. "Nishikie, mama, nisije nikakipoteza huko." Kisha akakimbia. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama watoto walivyokuwa wanapokea kule jukwaani, na yule niliyetaka kumkabidhi alikuwa amekwisha kwenda.